Kiu ya Kona ya Kindai

Kama umekuja kusikia hadithi ya sungura na fisi, nenda kwa mwingine. Mimi hadithi sizijui. Hili ninalokusimulia nililiona kwa macho yangu haya, jua likiwa utosini, mjini Singida, siku ambayo mji mzima ulikuwa barabarani. Mume wangu alilishika kwa mkono wake. Najua wapo watu hapa Ulemo ambao wakinisikia naanza tu wanakonyezana. Wakonyezane. Wao walikuwepo?

Na usiniulize kama ilikuwa usiku. Kila mtu huniuliza hilo. Mnadhani mambo haya yana saa zake, kwamba jua likichomoza yanarudi kulala? Ilikuwa mchana kweupe, watu wanakula karanga.

Mume wangu aliitwa Msengi. Mimi nilimwita Baba Naomi, kwa jina la mtoto wetu. Alikuwa mrefu, mpole, mchapakazi shambani, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: magari. Vita ile kubwa ya Wazungu ilimchukua akiwa kijana, wakampeleka ng'ambo, akawa utingo kwenye malori ya jeshi. Wenzake walirudi na viatu na mablanketi. Yeye alirudi na sauti za injini kichwani. Tukiwa tunapalilia uwele, lori likilia mbali huko njia ya Misigiri, anasimama na jembe mkononi na kukuambia limebeba mzigo mzito au liko tupu, na kama dereva wake anajua kazi au anabahatisha. Mimi nasema, "Baba Naomi, magugu hayo hayaondoki kwa kusikiliza." Anacheka, anainama tena.

Wakati ule Waingereza ndio walikuwa wakitawala, na kulikuwa na mbio za magari pale Singida. Ninyi wa leo hamzijui, lakini zilikuwa na jina kubwa. Wazungu na Wahindi walikuja na magari madogo kutoka Arusha, kutoka Dodoma, wengine kutoka Nairobi, wanashindana kuzunguka mji. Njia yenyewe ilikuwa ni barabara zilezile za kila siku. Wanaanzia bomani, wanapita mbele ya maduka ya Wahindi, wanateremka hadi ziwa la Kindai, wanakata kona kwenye mawe makubwa, wanapanda tena hadi bomani. Mbuzi wanafungiwa, maduka yanafungwa, kamba zinavutwa, askari wanasimama na bendera. Msengi alikuwa amesikia habari hizo kwa dereva wa lori la karanga, na tangu hapo hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mama Naomi," alikuwa akisema, "mtu akifa bila kuona ile kona ya Kindai amekufa bure."

Basi tukavuna, tukaweka akiba, Naomi tukamwacha kwa mama mkwe, tukaenda. Mimi magari hayakunihusu kitu. Nilikwenda kwa sababu ya uso wake. Ungemwona njiani ungedhani tunakwenda kuoa. Tulitembea kutoka Ulemo hadi Misigiri, tukapanda lori la karanga juu ya magunia, na yeye alikuwa akinielezea kila dereva alipobadili gia. Nilikuwa nimebeba kibuyu cha togwa, togwa nzuri ya uwele niliyoipika mwenyewe, kwa sababu sikuamini chakula cha mjini.

Tulifikia kwa shangazi yake, Mwanaidi, dada wa baba yake. Huyo aliolewa na Mnyaturu wa Ihanja aliyekuwa amehamia mjini kuchuuza chumvi ya ziwani. Alikuwa amesilimu, ana nyumba safi, mwanamke wa maneno mengi kweli. Tulimpa shikamoo zetu, akaitikia, akatulisha, akatuuliza habari za ukoo mzima, wazima na wagonjwa. Usiku kucha anaongea. Ila asubuhi Msengi alipomwambia tunakwenda kusimama kwenye mawe, pale kwenye kona, maneno yakamwishia.

"Kule kwenye mawe si pa kusimama," alisema. "Simameni sokoni na watu."

"Shangazi, sokoni gari linapita moja kwa moja. Uzuri wa dereva unauona kwenye kona."

"Nimesema si pa kusimama."

Akaingia ndani. Msengi akanitazama, akatabasamu, akanong'ona kwamba shangazi anaogopa magari yasije yakatugonga. Na mimi nilidhani hivyohivyo. Ungedhani nini wewe? Mtu mzima anakukataza kusimama kwenye kona ya magari ya mbio, utawaza mizimu?

Tukateremka. Watu, jamani. Wanafunzi wamepangwa mistari, wanawake wamevaa kanga mpya, Wahindi wako juu ya mapaa ya maduka yao na watoto wao na viti vyao. Tulipita katikati ya watu hadi karibu na ziwa, na hapo watu wakaanza kupungua, wakapungua, hadi tulipofika kwenye yale mawe hapakuwa na mtu hata mmoja. Mahali pazuri kuliko pote. Kivuli kipo, barabara unaiona inavyoteremka, inapinda chini ya mawe, inapanda. Upande wa pili ni ziwa, na ukingo wake mweupe kwa chumvi. Watu walikuwa wamejazana mbali huku na mbali kule, na hapa katikati pametengwa kama mahali palipomwagwa kitu.

Msengi alifurahi kama mtoto. "Unaona watu wasiojua magari?" aliniambia. Akatandika koti lake juu ya jiwe, nikaketi.

Tulikaa. Jua likapanda. Bendera bado haijashushwa huko bomani. Tulikuwa tunasikia injini zikinguruma mbali, zinapashwa moto, na Msengi amefumba macho anazisikiliza. Mimi nilikuwa natazama barabara. Ndipo nikaona gari moja dogo la bluu linateremka.

Nilimgusa. Nikamwambia wameanza. Akafumbua macho, akasema, "Bado, hawajaanza, sauti zote ziko bomani." Lakini gari lilikuwa linakuja. Linakuja taratibu, limepita mbele ya ule umati wa watu wa upande wa juu, na hapana aliyepiga makofi. Wala hapana aliyegeuza kichwa. Hilo nililiona wazi, likanishangaza, nikadhani watu wa mji huu wamezoea.

Likafika kwenye kona, likasimama mbele yetu. Ndani yake mlikuwa na Mzungu kijana, nguo nyeupe, kofia ngumu ya ngozi, miwani ya vumbi ameipandisha juu ya paji la uso. Alikuwa mweupe wote. Sisemi ngozi. Nasema vumbi. Barabara ile ilikuwa na vumbi jekundu, sisi wenyewe miguu yetu ilikuwa myekundu hadi magotini, lakini yeye na gari lake walikuwa wamefunikwa na vumbi jeupe, hadi kwenye kope.

Alitutazama. Akasema, kwa kile Kiswahili chao, "Jambo. Iko maji?"

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Niliona huruma, Mungu wangu ni shahidi. Sauti ilitoka kavu, ikikwaruza kama mtu anayepaa magamba ya samaki.

Msengi, aliyekaa nao vitani, alijua jinsi ya kuwajibu. "Maji hapana, bwana. Iko togwa."

"Leta," yule Mzungu akasema. Halafu akaongeza neno ambalo sikuwahi kumsikia Mzungu akimwambia mtu mweusi. "Tafadhali."

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo pana jambo lenyewe. Katika ukoo wa kina Msengi, kumpa mgeni kinywaji kuna utaratibu wake. Kwanza mwenye kinywaji anaonja, mgeni akimwona, ili ajue hakuna kilichotiwa ndani. Hilo mnalijua, hata leo wazee wanafanya. Kisha mgeni anakunywa. Na mgeni akibakiza, yule aliyempa ndiye anayemalizia, palepale, mgeni akimwona pia. Kumwaga alichobakiza mgeni ni kumwambia kwamba kinywa chake ni kichafu. Ni tusi kubwa. Msengi alilelewa hivyo, na asingemfanyia tusi mtu yeyote, awe mfalme au ombaomba.

Akamimina togwa kwenye kata. Akaonja. Akampelekea.

Na kwa kuwa alikuwa Msengi, alipofika kwenye lile gari hakuweza kujizuia. Mkono mmoja ulimpa Mzungu kata, mkono mwingine akauweka juu ya boneti ya gari, taratibu, kama unavyomshika ng'ombe wa mtu. Alikuwa ameota kushika gari la namna ile tangu vitani. Nikamwona ameshtuka. Akaondoa mkono, akautazama, akaurudisha tena. Baadaye aliniambia lile bati lilikuwa baridi. Gari limetoka kukimbia, jua la Singida liko juu yake, injini inatetema chini ya mkono wake, na bati ni baridi kama jiwe la kusagia alfajiri.

Yule Mzungu alikunywa. Sijapata kuona mtu akinywa namna ile. Alifumba macho, koo linapanda linashuka, machozi yanatoka, yanachora mistari kwenye lile vumbi jeupe. Alikunywa hadi nikaona aibu kumtazama. Kisha akaacha kunywa, akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayetua mzigo aliotoka nao mbali. Kwenye kata palikuwa pamebaki kidogo. Akamrudishia Msengi kwa mikono miwili.

"Asante sana," akasema. Sauti ilikuwa imelainika, imekuwa sauti ya kijana tu.

Msengi akamalizia. Akainua kata, akanywa kile kilichobaki, akafuta mdomo kwa kiganja, akatabasamu.

Wakati huohuo mlio mkubwa ukatoka bomani. Bendera imeshushwa. Watu wakapiga kelele huko juu, mimi nikageuka kutazama, Msengi naye akageuka. Tulipogeuka tena hapakuwa na gari. Usinikatishe. Nasema hapakuwa na gari. Halikupanda, halikuteremka, halikuingia ziwani. Palipokuwa na magurudumu yake palikuwa na unga mweupe juu ya udongo mwekundu. Niliugusa kwa kidole nikaonja. Ilikuwa chumvi.

Halafu magari ya kweli yakaja. Yakateremka yamefuatana, yananguruma hadi jiwe tulilokalia likatetemeka, yakakata kona, vumbi likatufunika. Yakazunguka, yakarudi, yakazunguka tena. Kile alichokiota miaka yote kilikuwa kinapita mbele ya pua yake. Na unajua Msengi alikuwa anafanya nini? Alikuwa ameinamia kibuyu. Amekipindua, anakigonga chini, anatazama ndani kama kuna tone.

"Mama Naomi," aliniambia, "nina kiu."

Tuliondoka mbio hazijaisha. Njiani aliomba maji kwa mwanamke mmoja, akanywa. Akaomba kwa mwingine, akanywa. Tulipofika kwa shangazi akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akachota, akanywa, akachota, akanywa. Shangazi Mwanaidi alisimama mlangoni anamtazama. Hakumuuliza yeye, aliniuliza mimi.

"Mlisimama wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya yule Mzungu na togwa. Nilidhani atacheka. Aliketi chini palepale kizingitini, mtandio ukamwanguka, hakuuokota.

Ndipo alipotueleza. Mwaka uliotangulia, kwenye mbio zilezile, gari la bluu lilipinduka pale kwenye kona. Likamlalia dereva wake. Hakufa mara moja. Watu walikuwa wamejaa pale, wengine wanatoka ziwani na chumvi, wengine wana mitungi na vibuyu vyao vya maji. Yule kijana, yuko chini ya bati, jua linampiga, anaomba maji. Anaomba kwa Kiswahili, kila mtu anaelewa. Na hapana aliyempa.

"Kwa nini?" Msengi aliuliza. Ameshika kata mkononi.

"Wewe hujui kwa nini?" shangazi akasema. "Mtu anayetoka damu ukimpa maji unamuua, tumeambiwa hivyo tangu tukiwa wadogo. Halafu ni Mzungu. Akinywa maji yako akafa, utawaambia nini polisi? Miaka ile ya watu-simba, wale waliovaa ngozi za simba na kuua watu, ilikuwa bado iko machoni petu. Watu walinyongwa. Watu walichukuliwa majumbani mwao kwa kusingiziwa tu. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake, aanze nani. Tukamzunguka, tukamtazama, hadi akanyamaza."

"Tukamtazama," nikasema. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa na mtungi kichwani," alisema. "Umejaa."

Akaanza kulia. Mimi, nitakuambia kweli, sikumhurumia. Nilikuwa na hasira kali. Asubuhi alikuwa na nafasi ya kusema yote hayo, akasema "si pa kusimama" na kuingia ndani. Aibu yake ilikuwa nzito kuliko mtoto wa kaka yake. Nilimwambia hivyo usoni, mbele ya mume wake, na mimi ni mke wa mtoto wao. Msengi ndiye aliyenishika mkono na kuniambia nimwache shangazi.

Kesho yake asubuhi tulirudi wote kwenye kona. Shangazi alibeba mtungi, akamwaga maji yote juu ya yale mawe, akaomba msamaha kwa sauti, kwa Kinyaturu, kwa Kiswahili, mume wake akasoma dua. Ilikuwa kazi bure. Yule kijana alikuwa ameshakunywa, alishakwenda zake. Alikuwa na haja gani tena na maji yetu?

Tukarudi Ulemo. Ile kiu ikarudi na sisi.

Mjukuu wangu ni nesi. Ananiambia, "Bibi, hiyo ilikuwa kisukari." Ananiambia kama anayemwelimisha mtoto. Mimi nilimpeleka Msengi hospitali ya misheni mama yako akiwa bado mtoto mdogo, binti wewe! Daktari alimpima mkojo mara nyingi, akampima damu, akamlaza, akatikisa kichwa. Sukari hakuikuta. Aliandika dawa ya minyoo, tukaondoka.

Tukaenda kwa mganga, mzee mmoja mtaratibu, hakuwa mtu wa mbwembwe. Alimsikiliza Msengi hadi mwisho. Akasema, "Yule hakukufanyia ubaya. Alikuwa na kiu, ukampokea vizuri, akakuachia alichokuwa nacho. Na wewe ukakimaliza." Msengi akamuuliza inaondokaje. Mzee akasema inaondoka kama ilivyoingia. Mtu mwingine ampe kinywaji kwa moyo mmoja, anywe, abakize, yule mtu amalizie.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilikuwa tayari nafungua kinywa kusema nipeni hicho kikombe, nitamalizia mimi. Msengi alisimama. Hakunitazama. Akamshukuru mzee, akatoka.

Tangu siku hiyo mume wangu hakubakiza kitu. Umenielewa? Kikombe, kata, bakuli, alikimaliza, kisha akakigeuza juu chini na kusubiri hadi tone la mwisho limwangukie kiganjani, akaliramba. Akatengeneza kibuyu chake mwenyewe, akakitundika juu, hapana ruhusa mtu kukigusa. Na Naomi, unajua watoto wadogo wanavyosubiri baba awaachie uji kidogo chini ya bakuli. Hiyo ilikuwa haki yake kila asubuhi. Alikuja akasimama mbele yake kama kawaida, na baba yake akamaliza uji wote huku anamtazama, akageuza bakuli. Mtoto alilia siku hiyo hadi akatapika. Alilia kesho yake pia. Siku ya tatu hakuja, na nilimwona Msengi anautazama mlango.

Kiu yenyewe sijui nikuelezeje. Maji aliyokunywa yalikuwa ni kama yamemwagwa mchangani. Kiangazi hapa petu maji tunachimba mtoni, unakaa unasubiri yajichuje, unachota kwa kikombe. Nilikuwa naamka giza, nachota, nabeba, narudi, mtungi umeshaisha, naondoka tena. Majirani wakaanza kunung'unika kwamba nyumba yetu inamaliza kisima. Msengi alipokuwa na nguvu alikwenda kuchota mwenyewe, mwanamume mzima na mtungi, watu wanamcheka, yeye hajali. Lakini nguvu zikawa zinapungua. Chakula hakipiti tena, koo linataka maji tu. Midomo ikapasuka. Mavuno ya pili tangu safari ile yalimkuta amelala ndani, mrefu kama alivyokuwa, mwembamba kama mpini.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Sitakuficha. Nilijiambia, mtu akidhoofika hivi hawezi kumaliza kikombe, hata akitaka. Siku moja atabakiza. Na siku atakayobakiza nitakuwa karibu. Naomi ana bibi yake, atalelewa. Huyu mwanamume sitamwachia. Nilikuwa naketi pembeni yake na bakuli la maji, nasubiri, kama paka.

Ile siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, kuku wamejificha chini ya ghala. Nilimwinua kichwa nikampelekea bakuli mdomoni. Maji masafi, ya baridi. Ulimi wake ulikuwa umekauka hadi unalia ukigusa meno. Alitazama yale maji, na nakuambia sijaona mtu akitazama kitu kwa uchungu namna ile. Kisha akafunga mdomo.

"Kunywa, Baba Naomi."

Akatikisa kichwa.

"Kidogo tu. Lowesha ulimi."

"Sitaweza kuyamaliza," alisema.

Nikamwambia atakachobakiza nitamwaga. Nikamwapia, kwa jina la Mungu, kwa kichwa cha Naomi. Akatabasamu, tabasamu lile la njia ya Misigiri.

"Nakujua wewe," akasema.

Na kweli alinijua. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamlilia. Nilijaribu kumlowesha midomo kwa kidole, akaigeuzia ukutani. Hadi jua linapoa alikuwa hivyo, kinywa amekifunga kwa nguvu zake zote zilizobaki, na bakuli limejaa mkononi mwangu. Ndivyo alivyokwenda. Mtu aliyeumwa kiu usiku na mchana alikufa maji yakiwa kidevuni pake.

Sasa mnisikilize ninyi mnaopita njia hizi.

Yule Mzungu alikufa na kiu, mkaona alichofanya. Mume wangu naye alikufa na kiu. Fikiri mwenyewe. Tangu azikwe, wapo watu waliokuja kwangu, si wa hapa tu, na hawajuani, wanasema wamemwona mtu mrefu ameketi kando ya njia ya Misigiri, mchana, anasikiliza kitu mbali. Hasumbui mtu. Wakimsalimu anaitikia vizuri. Hakuna hata mmoja aliyesema ameombwa maji, na mimi ndiyo maana nalia, kwa sababu namjua, hataomba. Atakaa na kiu yake hadi mwisho wa dunia kuliko kumpa mtu.

Kwa hiyo ukimkuta, usimsubiri aombe. Mpe wewe. Lakini mpe kidogo, kiasi cha funda moja, kiasi ambacho hata mgonjwa anaweza kumaliza, na usiondoke hadi umemwona amekigeuza kikombe. Usimjazie kwa huruma. Huruma ya kujaza ndiyo itakayokuua.

Mimi nimepita njia ile na mtungi kichwani siku zote nilizokuwa na miguu ya kupita. Sijamkuta hata mara moja. Nadhani ananiona nikija, anaondoka.